Mafuta ya Ganda

Nilianza na korosho, kama mtu wa Tandahimba
anavyoanza na korosho jambo lolote lile.
Ganda likipasuka hutoa mafuta meusi.
Wanawake wanaobangua wanayajua: hujipaka jivu vidoleni
kabla hawajagusa, na bado ngozi huwabambuka.
Nilimwona mjomba akiondoa chunjua ya kidole kwa tone moja.
Nikasema, chunjua ni chunjua.

Si kweli.
Ipo chunjua ya mkono, ambayo mtu huisalimia nayo jirani,
na yapo masundosundo, yanayokaa pale
ambapo mwanamume hapaonyeshi hata kwenye kioo.
Yangu yalikuwa matatu, kama punje za ulezi.
Nikayatonesha kwa njiti ya kiberiti, nyuma ya ghala,
siku za kupuliza salfa, watu wote wako mashambani.

Usiku ule sitausimulia.
Nitasema tu kwamba siku nane nilitembea
kama niliyepewa yai nilibane mapajani nisilivunje,
na Somoe akauliza, "Umegombana na suruali?"
Nimeanguka na baiskeli, nikamwambia.
Baiskeli yetu haikuwa na tairi tangu Ramadhani.

Kidonda kilipofunga, sundosundo moja lilikuwa limekufa.
Manne mapya yalikuwa yamekuja matangani.

Zahanati, basi.
Nilikuwa nimeomba nimkute mwanamume.
Nikamkuta Sista Editruda, miwani yake imefungwa uzi.
"Vua," akasema, kama anayeniambia nikae.
Akaiona kovu. "Ganda?"
"Ganda."
"Wewe wa tano tangu mnada ufunguliwe."

Alipaka kwanza mafuta ya mgando kuzunguka,
kama tunavyokata njia ya moto kabla ya kuchoma pori,
kisha podofilini, kwa pamba, kidogo kidogo,
rangi yake kama chai iliyolala.
"Masaa manne, uoshe kwa sabuni. Usilale nayo.
Hii nayo ni sumu, ila imefundishwa adabu."

Maji! Huku juu dumu linanunuliwa,
na mimi kila Jumatatu alasiri najifungia bafuni na dumu zima.
Somoe akadhani nimeongeza sala za sunna.
Akawaambia dada zake. Wakanipongeza.

Bakiri Nnunduma, tunayepanga naye magunia,
yeye alishuka Mtwara mjini akanunua krimu,
vipakiti vidogo kama vya shampuu,
kimoja kwa bei ya kilo kadhaa za daraja la kwanza.
Usiku tatu kwa wiki anapaka, asubuhi anaosha.
Haiunguzi, alisema, inauamsha mwili upigane wenyewe.
Mwili wake ulichelewa kuamka: wiki ya tisa bado anajikuna.
Tulibishana pale mizani, kwa mafumbo, karani asielewe:
yako inafukuza, yangu inashawishi;
yako inataka sista, yangu inataka pesa.
Karani akadhani tunazungumzia wake zetu.

Yangu yalinywea Jumatatu ya sita
kama mabibo yaliyosahaulika chini ya mti.
Nikavaa suruali yangu ya sherehe kwenda kumwaga Sista.
Hakunisifu.
"Nimetoa ninachokiona. Nisichokiona kimebaki,
na kinaweza kurudi. Vivyo hivyo kwa krimu ya mwenzako.
Na mkeo?"

Njia ya kurudi ni fupi. Nikairefusha.
Nilizunguka hadi kwa fundi, nikanunua tairi.

Somoe alikuwa anamenya ming'oko.
Nikasema yote, nikiangalia kisu.
Alimenya mmoja, akamenya wa pili.
"Kwa hiyo baiskeli," akasema,
na hilo ndilo neno pekee alilosema hadi kulipokucha.

Jumatatu ya saba alikwenda yeye,
kuangaliwa mlango wa kizazi.
Nilimpakia nyuma, kwenye tairi jipya.
Njia nzima alishika kiti,
hakunishika mimi.